Jinsi Kenya inavyopanga matumizi ya ardhi yake hadi 2045

SENSA ya mwaka wa 1969 ilihesabu Wakenya milioni 10.9. Ile ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Katika muda huo wa nusu karne, idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara nne, ilhali ardhi haikuongezeka hata kwa ekari moja.

Ukubwa wa nchi hii ni takriban kilomita mraba 582,646. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009, ni kama asilimia 20 tu ya eneo hilo iliyo na rutuba na mvua ya kutosha kwa kilimo. Sehemu kubwa iliyosalia ni kame au nusu kame. Sera hiyo ilieleza kuwa takriban robo tatu ya wananchi waliishi katika ile asilimia 20.

Huko huko kwenye rutuba ndiko miji inakopanuka kwa kasi. Kwa hivyo, mipango ya muda mrefu ya ardhi inahusu hasa swali moja: kizazi kijacho kitalima wapi, kitajenga wapi, na kitachota maji kutoka misitu ipi?

Mipango iliyotangulia

Kenya si mgeni wa mipango. Serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa misingi ya rangi, walowezi wakatengewa nyanda za juu na Waafrika wakasukumwa katika maeneo maalumu. Mnamo 1954, Mpango wa Swynnerton ulianza kuunganisha vishamba vilivyotawanyika ili kila mkulima Mwafrika awe na shamba moja lenye hatimiliki. Leo hii, mengi ya mashamba yaliyounganishwa wakati huo yamegawanywa tena na warithi, mara nyingine hadi kufikia robo ekari.

Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyotarajiwa kuleta faida ya haraka. Barabara na viwanda vikarundikana kwenye ardhi yenye rutuba, nayo kaskazini ikasahaulika. Mnamo 1978, serikali ilitoa mkakati wa makazi uliopanga vituo vya miji na vijiji kote nchini.

Jiji la Nairobi nalo lilitengenezewa mkakati wa ukuaji mnamo 1973 ambao ulikusudiwa kufika mwaka wa 2000. Ulipokwisha muda wake, jiji liliendelea kukua bila mpango kamili hadi ulipopatikana ule wa 2014 hadi 2030.

Sheria inasemaje?

Wananchi wengi huamini kwamba mwenye hatimiliki ana uhuru wa kufanya apendalo katika shamba lake. Katiba ya 2010 inasema vinginevyo. Kifungu cha 60 kinataka ardhi itumiwe kwa usawa, kwa tija na kwa namna isiyoiharibu. Kifungu cha 66 kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa sababu za usalama, afya ya umma na mipango. Kifungu cha 67 nacho kinaikabidhi Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kufuatilia mipango hiyo nchini kote.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 unaoonyesha matumizi ya ardhi yake, upitiwe upya kila baada ya miaka mitano na uidhinishwe na bunge la kaunti. Hata hivyo, kaunti nyingi zilichelewa kwa miaka mingi kutimiza takwa hilo.

Juu ya mipango ya kaunti upo mpango wa kitaifa wa 2015 hadi 2045, mojawapo ya miradi iliyobuniwa chini ya Ruwaza ya 2030. Mpango huo wa miaka 30 unahusu nchi nzima, na unapendekeza miji iwekewe mipaka ili isimeze mashamba yenye rutuba. Sera ya matumizi ya ardhi ya 2017 na sheria ya mipango ya 2019 zilifuata kuutilia nguvu.

Penye pengo

Tatizo ni kwamba mustakabali wa ardhi hauamuliwi siku mpango unapozinduliwa. Huamuliwa siku ombi moja la kugawa shamba moja linapoidhinishwa.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya 1967, shamba la kilimo katika maeneo yanayohusika haliwezi kuuzwa wala kugawanywa bila idhini ya bodi ya ardhi. Sheria hiyo inaitaka bodi kukataa ombi ikiwa mgawanyo utapunguza mazao. Lakini bodi husikiliza kila ombi kivyake. Ekari mbili zikigawanywa kuwa ploti 16, madhara huonekana madogo. Maombi elfu moja ya aina hiyo hufuta kabisa eneo la kilimo, na hakuna kikao kimoja kilichokata shauri hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kaunti ya Kiambu ni mfano dhahiri, ambako mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa ya nyumba. Katika Kaunti ya Kajiado, kugawanywa kwa ardhi iliyokuwa ya pamoja na kuzungushiwa nyua kumebana njia ambazo wanyama wa Mbuga ya Nairobi walizitumia kwenda nyanda za Kitengela. Katika Msitu wa Mau, zaidi ya hekta 61,000 ziliondolewa kwenye msitu mnamo 2001, na jitihada za kurejesha sehemu ya ardhi hiyo zimeleta uchungu mkubwa kwa familia zilizohamishwa.

Katiba, katika Kifungu cha 68, ililitaka Bunge kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu anaweza kumiliki. Mswada uliotungwa mnamo 2015 haukufua dafu. Wapo walioogopa kupoteza mashamba makubwa, na wapo waliouliza mzazi mwenye ekari moja na watoto watano angewarithisha nini. Maswali yote mawili yangali yanahitaji jibu.

Nafasi ya mwananchi

Mipango ya kaunti haiwezi kupitishwa bila maoni ya umma, na mkazi ana haki ya kuuliza shamba lililo jirani naye limetengewa matumizi gani. Chini ya sheria ya 2019, asiyeridhika na uamuzi wa kaunti kuhusu kibali cha ujenzi au cha kubadilisha matumizi ya ardhi anaweza kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya mipango katika muda wa siku 14, kisha kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ni muhimu haki hizo zitumiwe mapema. Shamba la mahindi laweza kuwa la maharagwe msimu ujao, lakini lililokwisha kujengwa nyumba za mawe halirudi kuwa shamba. Maji yakimwagika hayazoleki.