Usukani Si wa Kiwandani: Historia Fupi ya Kipuri Kinachogombanisha Watu

Neno "usukani" lilitoka baharini. Waarabu huita sukkan ule ubao unaogeuza chombo. Mabaharia wetu wakalichukua, na gari lilipofika pwani likakuta neno linalisubiri. Lilifaa pia, maana magari mengi ya mwanzo yaliongozwa kwa mkono wa chuma, karibu kama jahazi. Alfred Vacheron anatajwa miongoni mwa wa kwanza kufunga gurudumu badala yake, kwenye Panhard yake katika mashindano ya Paris hadi Rouen, mwaka 1894. Yaani usukani wa duara wenyewe ulisukumwa mbele na dereva aliyetaka kitu tofauti.

Nalitaja hili kwa sababu wapenzi wa magari ya kale hawaishi kugombana. Wako wanaosema MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, likitolewa usukani wake wa asili limepoteza ushahidi. Wengine wanasema, basi tuliendeshe au tuliweke kabatini?

Ukweli ni kwamba kubadilisha usukani ni sehemu ya historia ya magari haya. Kule Italia, Enrico Nardi alianza kutengeneza usukani wa mbao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Ferrari wakaufunga kwenye magari yao. Mwaka 1964 Gianpiero Moretti, dereva wa mashindano, alijitengenezea usukani mdogo wenye ukingo mnene kwa ajili ya gari lake. John Surtees akaupenda, akautumia kwenye Ferrari yake, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa Formula 1. Moretti akafungua kampuni: Momo, yaani Moretti na Monza. Baada ya hapo, kijana mwenye gari la kawaida naye alitaka kushika alichoshika bingwa.

Sasa, ufahari una gharama. MGB haikuwa na pawa stelingi. Usukani ulikuwa mpana ili mikono ipate nguvu. Ukitoa wa sentimita 42 ukaweka wa sentimita 35, mikono inahitaji nguvu zaidi kwa moja ya tano. Barabarani unafurahia gari linavyoitika upesi. Kwenye maegesho unatoka jasho.

Kazi yenyewe si kubwa, ila inadai heshima. Matairi yanyooshwe kwanza. Nati ya katikati ilegezwe, isitolewe yote, maana usukani uliong'ang'ania ukiachia ghafla utakupiga usoni. Nyundo ikae mbali na shafti. Kisha kinafungwa kipande cha kati chenye meno yanayolingana na ya shafti, usukani mpya unakaa juu yake kwa skrubu, na waya wa honi unarudishwa.

Kuna jambo zito zaidi ya ladha. Katika magari mengi ya zamani, shafti ilikuwa chuma kigumu kilichoelekea kifuani mwa dereva. Marekani ilianza kulidhibiti hilo mwaka 1968 kwa kanuni za usukani unaopunguza kishindo cha ajali na shafti isiyorudi nyuma kumchoma mtu. Ukifunga kipande cha kati kisichobonyea, unaweza kupunguza ulinzi ambao sheria ililazimisha ili watu wasife. Hapo "ni gari langu" si jibu la kutosha.

Kwa hiyo mimi siungi mkono upande wowote kati ya ile miwili. Kitabu cha zamani chenye maandishi ya penseli pembeni hakijaharibika, kimepata msomaji. Lakini penseli inafutika. Funga usukani unaoupenda, hakikisha ni salama, kisha ule wa asili ufunge kwenye kitambaa na uutunze pamoja na nati yake. Siku gari likiuzwa, vyote viwili viende. Atakayelipokea ana haki ya kujua lilivyotoka kiwandani, na pia kwamba kuna mtu aliwahi kulipenda akaliendesha.