Jina la Johnson: Asili Yake, Watu Walioitwa kwa Jina Hilo na Mahali Palipoitwa Nalo

Kwa muda wa miaka mingi mwanafunzi wa Kiswahili aliyetatizwa na neno aliambiwa, "Tazama katika Johnson," wala hakuuliza ni Johnson yupi. Mwanafunzi wa Kiingereza cha karne ya 18 akiambiwa maneno hayo hayo atafungua kitabu kingine, kazi ya mtu mwingine. Katika Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, jina hilo ni la padre aliyezikwa pale. Katika Oyo, nchi ya Wayoruba, ni la mwandishi wa historia; na katika Monrovia ni la watu wawili waliopata kuwa marais. Wote hao si ndugu. Jina limewakusanya, lakini halikuwazaa. Yafaa basi lichunguzwe jina lenyewe, jinsi lilivyoanza, lilivyosafiri na lilivyopewa watu na mahali. Maana mwenye kuandika historia akilitegemea jina peke yake atampa mtu sifa ya mwenzake, au atamnyima sifa yule aliyeistahili.

Johnson ni maneno mawili yaliyoungana: jina John, na neno la Kiingereza lenye maana ya mwana wa kiume. John lenyewe latoka katika Kiebrania, nalo ndilo ambalo Wakristo wasemao Kiswahili hulitamka Yohana, na Waislamu Yahya. Hivyo maana ya Johnson ni "mwana wa Yohana", nayo yakaribiana sana na desturi ya pwani ya kutumia neno "bin". Lakini ipo tofauti kubwa. Muyaka bin Haji ni Muyaka ambaye baba yake ni Haji. Mtoto wa Muyaka hawezi kuitwa bin Haji, ataitwa bin Muyaka. Ukoo huonyeshwa kwa neno jingine, kama al-Ghassaniy katika jina la mshairi huyo. Kwa desturi hii jina la baba na jina la ukoo ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Waingereza nao zamani walifanya hivyo hivyo. Mwana wa John aliitwa Johnson, na mjukuu aliitwa kwa jina la baba yake mwenyewe. Baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na hasa katika karne ya 13 na ya 14, majina ya namna hii yalianza kuganda. Hati za ardhi na daftari za kodi zilitaka mtu atambulikane pamoja na wazao wake, na jina la baba mmoja likawa jina la wote waliomfuata, hata kama hapakuwa tena na John katika nyumba hiyo. Kwa kuwa wanaume walioitwa John walipatikana karibu katika kila kijiji, koo zilizoitwa Johnson zilianza mahali pengi, kila mmoja peke yake. Hapo ndipo lilipo jambo la kwanza la kukumbukwa: tangu mwanzo wake jina hili halikuwa na babu mmoja.

Maandishi ya jina nayo huleta shida. Mshairi na mtunzi wa michezo Ben Jonson, aliyefariki mwaka 1637, aliliandika jina lake bila ya herufi "h", lakini jiwe la kaburi lake katika Westminster Abbey limeitia herufi hiyo. Johnston ni jina jingine kabisa, ijapokuwa sikio la Mswahili halioni tofauti kubwa: lina asili ya Uskoti, na maana yake ni makazi ya John, wala si mwana wake. Tofauti hiyo ya herufi moja ina uzito katika historia ya Afrika, kama itakavyoonekana hapa chini.

Katika Uingereza mwenye jina hili aliyevuma kuliko wote ni Samuel Johnson, aliyezaliwa Lichfield mwaka 1709 na kufariki London mwaka 1784. Kamusi yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1755 katika majuzuu mawili makubwa, yenye maneno yapatayo 42,000. Aliifanya pamoja na waandishi wachache tu wa kumsaidia, na kila alipoweza aliithibitisha maana ya neno kwa sentensi za watunzi. Njia hiyo ya kulipima neno kwa matumizi yake imefuatwa na watunga kamusi wengi baada yake. Habari isiyojulikana na wengi ni kwamba kitabu chake cha kwanza, kilichotolewa mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari ya Jerónimo Lobo, padre Mreno aliyetaka kuingia Uhabeshi na ambaye mwaka 1624 alishuka katika pwani ya Waswahili, pande za Pate. Hivyo habari za pwani hii zilipita katika kalamu ya Samuel Johnson miaka 20 kabla ya kamusi yake. Tena nyumbani mwake aliishi Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica. Na Johnson alipokufa alimwachia Barber sehemu kubwa ya mali yake.

Mtunga kamusi wa pili ni Frederick Johnson. Huyu alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutafsiri hadithi za Kiingereza zilizosomwa sana mashuleni, miongoni mwao Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka 1935 ilitoka kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1939 zikatoka zile kamusi mbili, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, ambazo zilikuwa tegemeo la wasomi na waalimu hata baada ya uhuru. Yeye mwenyewe hakuziona zimechapwa, kwa kuwa alifariki kabla hazijatoka.

Hapa jina lazidi kufunika kuliko kufunua. Kamusi za mwaka 1939 zilitolewa kwa jina la Kamati, na zenyewe zakiri kwamba zilijengwa juu ya kamusi za A. C. Madan, iliyotoka mwaka 1894 na ile ya mwaka 1903. Kabla ya Madan walikuwako Krapf na Steere. Na nyuma yao wote walikuwako wenyeji wa Unguja, Mombasa na mrima, ambao vinywa vyao ndivyo vilivyotoa maneno na maana zake. Kusema "Johnson" ni kulifupisha jina la jamaa kubwa ya watu. Ufupi huo wafaa kwa mazungumzo, lakini katika utafiti wapoteza haki ya wengi. Samuel aliweza kuitwa mwenye kamusi yake kwa sababu alikuwa akiieleza lugha aliyonyonya kwa mama yake; Frederick alikuwa akikusanya lugha ya watu wengine, na kazi yake haielezeki bila ya watu hao.

Katika Ziwa Nyasa mkanganyo ni wa namna nyingine. William Percival Johnson, aliyezaliwa mwaka 1854, alifika Afrika mwaka 1876 pamoja na Askofu Steere katika Misheni ya Vyuo Vikuu, na maisha yake karibu yote aliyatumia katika vijiji vya kando ya ziwa. Alitafsiri Maandiko kwa Kinyanja, akaendelea na kazi ingawa macho yake yaliharibika, na alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli, ambayo leo ni katika Tanzania. Katika miaka hiyo hiyo, tangu 1891 hata 1896, serikali ya Kiingereza katika nchi iliyo ng'ambo ya ziwa ilikuwa chini ya Harry Johnston. Johnston ndiye aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884, ndiye aliyefanya Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, na ndiye mtungaji wa majuzuu mawili juu ya lugha za Kibantu, ya mwaka 1919 na 1922. Mmoja alikuwa padre na mwingine mtawala; wote wawili waliandika habari za lugha na za ziwa moja. Herufi "t" ikianguka katika hati, maneno ya mtawala yaweza kutiwa kinywani mwa padre.

Jina lilipovuka bahari ya Atlantiki liliongezeka sana. Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2010 Johnson lilikuwa jina la ukoo la pili kwa wingi, likitanguliwa na Smith tu, na watu wapatao 1,930,000 walikuwa nalo. Wengi wao si wazao wa Waingereza. Wahamiaji kutoka Sweden na Norway walioitwa Johansson au Johansen mara nyingi waliligeuza jina lao likawa Johnson. Na kiasi cha theluthi moja ya wenye jina hilo ni Wamarekani weusi, ambao wahenga wao walinyang'anywa majina yao katika utumwa. Miongoni mwao wametokea Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu duniani, mwaka 1908. Na James Weldon Johnson, mshairi na mpigania haki, aliyefariki mwaka 1938. Kwa watu kama hao "mwana wa Yohana" si habari ya nasaba. Ni alama ya nasaba iliyokatwa.

Marais wawili wa Marekani waonyesha jinsi jina moja liwezavyo kubeba mambo yaliyo kinyume. Andrew Johnson alizaliwa mwaka 1808, na Lyndon Johnson mwaka 1908. Kila mmoja alikuwa makamu atokaye majimbo ya kusini, na kila mmoja alishika urais baada ya rais kuuawa: wa kwanza baada ya Lincoln, mwaka 1865, na wa pili baada ya Kennedy, mwaka 1963. Andrew aliikataa sheria ya haki za raia mwaka 1866, na Bunge likaipitisha bila ya ridhaa yake. Mwaka 1868 alishtakiwa mbele ya Seneti akaponea kwa kura moja. Lyndon alitia saini sheria ya haki za raia mwaka 1964, na ile ya haki ya kupiga kura mwaka 1965. Hawakuwa na udugu.

Afrika ya Magharibi nayo ililipokea jina hili kwa njia ya misheni na ya watu waliorudi kutoka utumwani. Samuel Johnson wa pili, padre Myoruba aliyezaliwa Sierra Leone mwaka 1846, aliandika historia kubwa ya Wayoruba na kuimaliza mwaka 1897. Mswada wake ulipotelea kwa mchapaji Uingereza. Mwandishi alifariki mwaka 1901, na ndugu yake, Obadiah Johnson, aliuandika upya kwa kutumia karatasi zilizobaki, hata kitabu kikatoka mwaka 1921. Katika Liberia, Hilary Johnson alikuwa rais tangu 1884 hata 1892, naye ndiye wa kwanza aliyezaliwa katika nchi hiyo. Chifu mmoja wa Wagola alikuwa rafiki wa rais huyo, na mwana wa chifu alipopelekwa kulelewa Monrovia alipewa jina la Johnson. Binti wa mwana huyo ni Ellen Johnson Sirleaf, aliyekuwa rais tangu 2006 hata 2018. Basi marais hao wawili wana jina moja kwa sababu ya urafiki wala si kwa damu. Hata katika Uingereza yenyewe, Boris Johnson, waziri mkuu tangu 2019 hata 2022, hakulipata jina hili kwa upande wa babu mzaa baba yake: babu huyo alizaliwa Osman Kemal, mwana wa Mturuki Ali Kemal, ndipo akaitwa Wilfred Johnson kwa jina la upande wa mama.

Mahali palipoitwa Johnson pataka uangalifu ule ule. Mji wa Johnson City katika Texas, ambako Lyndon Johnson alikulia, haukuitwa kwa ajili ya rais huyo. Uliitwa kwa jina la James Polk Johnson, jamaa wa ukoo wake. Johnson City ya Tennessee ina jina la Henry Johnson, mwenye kituo cha reli. Kituo cha safari za anga katika Houston ndicho kilichopewa jina la rais, mwaka 1973. Lakini mfano ulio mkubwa ni wilaya ya Johnson katika jimbo la Iowa. Iliitwa kwa jina la Richard Mentor Johnson, makamu wa rais tangu 1837 hata 1841, aliyekuwa na watumwa. Mwaka 2021 baraza la wilaya liliamua kwamba tangu hapo jina ni la Lulu Merle Johnson, mwanamke mweusi, mwanahistoria aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1941. Hakuna kibao kilichobadilishwa herufi hata moja. Kilichobadilika ni mtu anayeheshimiwa.

Uamuzi huo wafundisha jambo ambalo mwanachuoni hana budi kulishika. Jina ni chombo, na kilichomo ndani yake hutiwa na watu, tena chaweza kumwagwa na kujazwa kingine. Kwa hiyo mwenye kutaja "Johnson" katika kazi ya Kiswahili imempasa aeleze ni yupi, wa mwaka gani, na kwa kitabu gani; na akitaja kamusi ya mwaka 1939 aitaje Kamati, na Madan, na kuwakumbuka wasemaji ambao majina yao hayamo katika ukurasa wa kwanza. Wao hawakuitwa Johnson, lakini maneno yalikuwa yao.