Majivu, Mche na Unga: Uoshaji wa Vyombo katika Mwambao wa Mwanza

Historia ya kuosha vyombo katika mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria huanzia kwenye tabia ya maji yenyewe. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya uso wake, wenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na kwa sababu hiyo maji hayo ni laini, yaani yana kiasi kidogo cha kalsiamu na magnesiamu, madini ambayo katika maji magumu hushikana na sabuni, huizuia kutoa povu na kuacha utando mweupe juu ya glasi na sahani. Mwoshaji wa Mwanza, tofauti na mwenzake wa nchi zenye miamba ya chokaa, hakuwahi kuhitaji dawa ya kupambana na maji yake, na jambo hilo dogo ndilo linaloipa maana historia yote iliyofuata.

Kabla sabuni haijaenea, vyungu, vibuyu na vijiko vya mti vilisafishwa kwa majivu, mchanga na dodoki. Majivu ya kuni yana kaboneti ya potasiamu, chumvi yenye nguvu ya kuvunja mafuta, ambayo ikikutana na mafuta ya samaki katika maji ya moto hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni pale pale chunguni. Mchanga nao ulikwangua ukoko wa ugali ulioshika chini. Njia hii ilikichukulia chungu kwa namna kilivyo, kwani udongo uliochomwa una vitundu vidogo vinavyonyonya kila kinachomiminwa ndani yake, na chungu kilichooshwa kwa sabuni yenye harufu huirudisha harufu hiyo katika chakula. Wake na mabinti waliobeba kazi hiyo walikuwa na maarifa ya kweli, ingawa maandishi ya wasafiri na maofisa hayakuyajali sana.

Mabadiliko yalikuja na biashara. Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892, reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 na kuunganishwa na meli za ziwani, kisha mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikaifikia Mwanza yenyewe. Kwa njia hizo ziliingia bakuli za bati lililopakwa rangi ngumu, sufuria za alumini na sabuni ya mche, ile inayouzwa kwa urefu na kukatwa vipande, na fedha za pamba ziliwawezesha Wasukuma wengi kuvinunua. Sufuria ilileta adha yake, kwa kuwa masizi ya kuni huonekana zaidi juu ya alumini kuliko juu ya udongo, na hapo ndipo ulipopata nguvu ule ujuzi wa kupaka majivu yaliyoloweshwa au tope nje ya sufuria kabla ya kuinjika, ili masizi yashike tope na kutoka nalo wakati wa kuosha. Ujuzi wa zamani haukufa. Ulihamia katika chombo kipya.

Ulihitajika tena kwa uchungu baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati nchi ilipokosa fedha za kigeni na sabuni ikawa bidhaa ya foleni na ya magendo. Majivu yalirudi jikoni na majani ya mpapai yakafua nguo, mpaka masharti ya uagizaji bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984 na maduka kuanza kujaa.

Sabuni za unga zilizokuwa zimetawala dunia kufikia wakati huo zilitokana na kemia ya nchi za maji magumu. Tangu miaka ya 1940 watengenezaji walichanganya humo fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi inayokamata kalsiamu na kuizuia isiharibu kazi ya sabuni. Mashine ya kuoshea vyombo, ambayo Josephine Cochrane aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1886, iliitegemea kemia hiyo kuliko mkono wa binadamu, kwa sababu haisugui bali hurusha maji ya moto tu. Hata hivyo fosfeti ni mbolea, na ilipofika katika maziwa ilirutubisha mwani. Ziwa Erie lilipochafuka katika miaka ya 1960, Kanada na Marekani zilianza kuibana. Kwa sabuni za mashine za vyombo katazo lilichelewa: majimbo kadhaa ya Marekani yalichukua hatua mwaka 2010 na Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Mashine kuukuu, zilizobuniwa kwa ajili ya sabuni ya fosfeti, zikaanza kuacha utando, na watumiaji wakalazimika kutumia maji ya moto zaidi, asidi ya limau na sabuni zenye vimeng'enya, yaani protini zinazomeng'enya mabaki ya wanga na nyama. Katika maji laini kama ya Ziwa Victoria mashine ya namna hiyo haina shida hiyo kubwa. Hatari yake ni kuzidisha sabuni, ambayo hula uso wa glasi na kuacha ukungu usiotoka tena.

Ziwa Victoria nalo limerutubika kupita kiasi. Mwani uliongezeka tangu miaka ya 1960, maji ya Ghuba ya Mwanza yakapoteza uangavu wake, na magugu maji, yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yakaziba mialo katika muongo uliofuata. Haki inataka isemwe kwamba sabuni si mkosaji mkuu: sehemu kubwa ya fosforasi hutoka katika vumbi na moshi unaoshuka na mvua, katika mashamba yaliyomomonyoka na katika kinyesi cha miji. Lakini fosfeti ya sabuni ilikuwa ndiyo isiyohitajika kabisa, dawa ya ugonjwa ambao maji haya hayakuwa nao.

Kuosha ndani ya ziwa kuna madhara ya upande wa pili, kwani konokono wa maji ya kando hueneza kichocho, ugonjwa ambao watafiti wa Mwanza wameushughulikia kwa miongo mingi na ambao humwingia mtu kupitia ngozi anaposimama majini na sufuria zake. Mpango wa maji vijijini wa 1971 ulikusudia kila kaya ipate maji ndani ya mita 400 kufikia 1991, lengo ambalo halikutimia, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Katazo bila bomba humwacha mama lishe wa mwaloni bila mahali pa kwenda.

Leo vyombo vingi vya Mwanza huoshwa kwa sabuni ya maji inayochanganywa na wajasiriamali wadogo, kwa asidi ya salfoniki, magadi soda na chumvi ya kuongeza uzito, kisha kuuzwa katika chupa zilizokwisha kutumika. Sabuni hiyo hutoa povu zuri bila fosfeti. Tatizo lililobaki ni maji machafu yenyewe, kwa kuwa katika vilima vya mawe ambako shimo halichimbiki, maji ya karai yalimwagwa mlangoni na kuteremka hadi Mto Mirongo na ziwani, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo mabomba membamba ya majitaka, yanayolazwa juu juu kati ya miamba, yalipoanza kupandishwa kwenye baadhi ya vilima hivyo.