Nyimbo za Watoto Kandoni mwa Ziwa: Ni Mchezo Tu?

Katika semina moja ya fasihi simulizi, mwenzetu alisimama akasema nyimbo za watoto hazistahili kuhakikiwa, eti "hazina maudhui". Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku nikaona aibu. Mimi nimelelewa Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na kabla sijashika kalamu nilikuwa nimekwisha kujifunza kuhesabu kwa makofi ya bibi yangu.

Turudi nyuma katika historia. Usukumani muziki na kazi havikutenganishwa. Katika bugobogobo wachezaji hurusha majembe na kulima kwa kufuata ngoma, na mtoto aliye pembeni hushika mdundo kwanza, jembe baadaye. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Sasa fikiri, msomaji: mtoto aliyesimama katikati hapo analinganisha, anachagua, akichoka anahamia upande wa pili. Kama huo si uhakiki, basi tuambiwe uhakiki ni nini.

Wamisionari wengi waliziona ngoma hizo kuwa ushenzi. Si wote. Pale Bujora, kuanzia miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada, aliziingiza ngoma za Kisukuma katika ibada. Lakini ubishi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulifanyika kimyakimya kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, watu wanaomtafuta mtoto kwa shida kubwa. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa 1980. Watoto wa Kitereza walifariki wakiwa wadogo. Huyo ndiye aliyekaa akaandika kurasa kwa kurasa jinsi mtoto anavyopatikana, anavyolelewa, anavyokulia katikati ya ngoma na nyimbo. Tunapokisoma kitabu hicho tunakimbilia mila na ndoa, malezi tunayaruka.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika, walau kwenye karatasi. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba tulijifunza dansi za wageni tukaziacha ngoma zetu, akaunda wizara ya utamaduni. Likaja Azimio la Musoma la 1974, na 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikajaza madarasa kuliko vitabu. Mama yangu alianza la kwanza mwaka huo. "Kitabu tuligombania," huniambia, "lakini wimbo kila mtu alikuwa na wake." Jedwali la kuzidisha waliliimba, na mpaka leo, akipiga hesabu za dagaa sokoni, midomo inacheza.

Nisieleweke vibaya. Wimbo unaweza pia kulewesha: mama anakiri waliimba sifa za Chama bila kujua neno moja linamaanisha nini, na aliyekariri si lazima ameelewa. Tena nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili. Mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, katika shule ambayo sitaitaja, nilichapwa kwa kuimba cha bibi, Kisukuma, wakati wa mapumziko. Ngoma ilikaribishwa siku ya mgeni rasmi tu.

Ndiyo maana sikubaliani na yule mwenzetu. Maudhui anayoyatafuta kwenye maneno mara nyingi yamo kwenye mapigo, kwenye zamu ya kuitikia, kwenye kumsubiri mwenzako amalize. Mdogo wangu ana kigugumizi. Darasani akiitwa kusoma, neno la kwanza linamkwama hadi wenzake wanaanza kuguna. Jioni akirudi, bibi hamuulizi kitu. Anapiga makofi mawili na kuanzisha, naye anapokea. Anaimba beti zote mpaka mwisho, bila kukwama hata mara moja.