Mito ya mchanga na vichaka vya Msalato: mwongozo wa matembezi ya familia

Wasikilizaji wetu wa Dodoma, hasa waliohamia mjini hivi karibuni kwa ajili ya kazi, hutuuliza mara kwa mara ni wapi wanaweza kwenda na watoto mwishoni mwa wiki bila kusafiri mbali. Wengi wanatafuta kivuli cha miti na mto wa kutembea kando yake, na wengi wameshaambiwa kwamba Dodoma hakuna mito. Ukweli ni kwamba mito ipo, ila kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Katika makala haya tunaeleza mito hiyo ni ya namna gani, wakati gani inafaa kutembelewa, na hatari ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua kabla hajatoka nyumbani.

Mji uliopata jina lake mtoni

Jina la Dodoma lenyewe linahusishwa na mto. Masimulizi ya Wagogo yanasema tembo alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akazama kwenye tope, na watu waliomwona wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama. Wajerumani walipojenga reli ya kati mwanzoni mwa karne ya 20, kituo kilichokua hapo kikaendelea kuitwa hivyo. Mwaka 1973 ukatolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji.

Msalato iko kilomita 12 hivi kaskazini mwa katikati ya jiji, kwenye barabara kuu iendayo Kondoa na Babati. Wengi wanaijua kwa mnada wake wa Jumamosi na nyama choma, na sasa kwa uwanja mpya wa ndege wa kimataifa. Ukiendelea na barabara hiyo unaingia ukanda wa Mzakwe na Makutupora. Huko kuna vichaka, mibuyu na mashamba ya zabibu, na upande wa kaskazini vinaonekana Vilima vya Chenene.

Kwa nini mto hauna maji?

Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo jua na upepo hukausha kila kitu kilicho juu ya ardhi. Mto kama Kinyasungwe Mdogo, unaopita bonde la Makutupora, hutiririka kwa siku chache au wiki chache katika mwaka, kisha hubaki njia pana ya mchanga.

Mchanga huo unafanya kazi. Maji yanapopita juu yake, sehemu huzama na kwenda chini kabisa, kwenye miamba iliyopasuka inayohifadhi maji. Visima vya Mzakwe, ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya bomba ya Dodoma, huvuta maji kutoka kwenye hifadhi hiyo. Vipimo vya kina cha maji vilianza kuwekwa Makutupora miaka ya 1950, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu za aina hiyo katika ukanda wa joto barani Afrika. Utafiti uliotumia kumbukumbu hizo, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, ulionyesha kwamba hifadhi hiyo haijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa maji mengi huingia ardhini kupitia mito hiyo hiyo ya msimu.

Kwa hiyo mtoto anayekanyaga mchanga wa korongo karibu na Makutupora anakanyaga mlango ambao maji ya nyumbani kwao hupitia. Yale yasiyozama huenda mbali zaidi: Kinyasungwe Mdogo hupeleka maji bwawa la Hombolo, na kutoka hapo mfumo wa Kinyasungwe, Mkondoa na Wami huyafikisha Bahari ya Hindi upande wa Saadani.

Wakati wa kwenda

Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Agosti, wakati hakuna mvua na hewa ni ya baridi. Asubuhi kuna upepo mkali, hivyo watoto wavae masweta. Oktoba na Novemba joto huwa kali na kivuli ni haba, kwa kuwa mibuyu na miti mingi ya vichakani haina majani. Kwa msimu wowote, tembeeni kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Jua huzama mapema, kwa hiyo pangeni kurudi kabla ya saa 12.

Kwa watoto wa chini ya miaka 7, kilomita mbili kwenda na kurudi zinatosha, maana kutembea kwenye mchanga huchosha kuliko kwenye njia ngumu. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, angalau lita moja kwa kila mtu.

Mahali pa kutembea

Kingo za makorongo kati ya Msalato na Makutupora. Hapa ndipo karibu zaidi na jiji. Fuateni njia za miguu na za mifugo zinazopita kando ya korongo, si zile zinazokata mashamba. Eneo la visima vya Mzakwe ni chanzo cha maji kilichohifadhiwa na haliingiwi bila kibali. Vilevile kaeni mbali na maeneo ya jeshi ya Makutupora na uzio wa uwanja wa ndege, na msipige picha kuelekea huko.

Bwawa la Hombolo. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1957, kaskazini mashariki mwa jiji. Ni mahali pazuri pa kuona ndege wa majini na wavuvi wakiwa kazini. Watoto wasioge wala kukanyaga maji ya kando, kwa sababu maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuambukiza kichocho.

Kolo, wilayani Kondoa. Hii ni safari ya siku nzima kwa gari, lakini barabara ni ya lami hadi Kolo. Michoro ya miambani iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na hutembelewa pamoja na mwongozaji baada ya kulipa kiingilio. Vilima vya eneo hilo vina somo jingine. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umevichimba vibaya, ndipo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoathirika zaidi. Kwa wafugaji ilikuwa hatua chungu, lakini miti ilirudi.

Vya kuwaonyesha watoto

Mbuyu ndio mti wa kuanza nao. Shina lake huhifadhi maji, na baadhi ya mibuyu mikubwa barani Afrika imepimwa na kuonekana ina zaidi ya miaka 1,000. Maua yake hufunguka usiku na popo huyatembelea. Mashimo ya shina ni makazi ya kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya manjano, ambao asili yao ni Tanzania. Kando ya korongo mtakuta migunga na mikwaju, ambayo mizizi yake hufuata unyevu ulio chini. Kwenye miamba tazameni pimbi wakiota jua asubuhi.

Mkikuta shimo lililofukuliwa mchangani likiwa na maji, waelezeni watoto kwamba watu na mifugo huyategemea wakati wa kiangazi. Wasirushe mawe humo wala kunawa ndani yake.

Hatari kubwa kuliko zote

Korongo kavu linaweza kujaa kwa muda mfupi hata kama Msalato hakujanyesha tone. Mvua ikinyesha Chenene, maji hushuka yakibeba magogo na matope. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huweza kusomba magari mengi. Zingatieni haya:

• Kuanzia Novemba hadi Aprili tembeeni juu ya kingo, msishuke korongoni.
• Msitandike mkeka wala kuegesha gari ndani ya korongo, msimu wowote.
• Mkisikia mngurumo, au mkiona povu na takataka zikija, pandeni ukingoni mara moja. Acheni vitu, chukueni watoto.
• Korongo likijaa, subirini lipungue. Msijaribu kuvuka kwa miguu wala kwa gari.
• Panapochimbwa mchanga kuna mashimo yenye kuta zinazobomoka. Watoto wasicheze humo.

Hatari nyingine ni ndogo lakini zinahitaji uangalifu. Utomvu mweupe wa mnyaa, unaopandwa kama ua wa boma, ukiingia machoni huunguza vibaya. Osheni kwa maji mengi na mwende hospitali. Upupu huwasha ngozi. Mibuyu mingi ina nyuki, hivyo msirushe mawe. Viatu vya kufunika miguu huwakinga watoto dhidi ya miiba na nge. Kwa dharura ya uokoaji, namba ya Jeshi la Zimamoto ni 114.

Adabu ya njiani

Vichaka hivi si ardhi isiyo na mwenyewe. Vina wafugaji, warina asali na wenye mashamba. Mkifika kijijini, salimieni wazee na muulize njia; mara nyingi mtapata kijana wa kuwaongoza, na ni haki alipwe. Msichume zabibu wala ubuyu bila ruhusa, na msiwashe moto.

Jambo la mwisho ni takataka. Jiji linapanuka kuelekea Msalato, na makorongo hugeuzwa kirahisi kuwa jalala, machimbo ya mchanga au viwanja vya kujenga, kwa sababu miezi minane hayaonekani kuwa mto. Chupa na mifuko mliyokwenda nayo rudini nayo. Mkiona gari likimwaga taka korongoni, toeni taarifa ofisi ya mtaa au ya kata.