Juma moja kila mwaka: historia ya nyumba iliyouzwa kwa majuma

Wandugu, kwetu mtu akisema amenunua parsele, tunaelewa mara moja. Ina mipaka, ina namba, ina jirani anayesogeza ua usiku. Leo naandika juu ya mali ya namna ingine, ambayo watu wa Ulaya na Marekani wameuziana kwa zaidi ya miaka 50: haki ya kukaa juma moja kila mwaka katika nyumba ya kupumzikia, mlimani ao pembeni ya bahari. Wafaransa waliiita multipropriete, Kiingereza kinaiita taimsheya. Jamaa nyingi zilinunua kwa furaha, na si chache ziliishia kutafuta avokati wa kuzitoa ndani.

Kila kitu kilianzia kwa konji. Mwaka 1936 serikali ya Front Populaire kule Ufaransa iliwapa wafanyakazi majuma 2 ya konji yenye kulipwa. Mwaka 1956 yakawa 3, mwaka 1969 yakawa 4. Sasa mwalimu na fundi wa kiwanda wana wakati wa kupumzika, lakini mshahara hautoshi kujenga nyumba kwenye milima ya Alpes, tena nyumba ambayo wangelala ndani siku 15, halafu ibaki imefungwa mwaka mzima. Watu wa biashara wakaiona ile nafasi. Huko Uswisi, mwaka 1963, ilizaliwa sosiete Hapimag: unanunua hisa, unapata pointi za kukalia nyumba zake. Mwaka 1967 kule Superdévoluy, mahali pa kuteleza kwenye theluji katika Hautes-Alpes, sosiete ya ujenzi ya Marseille ikaanza kuuza majuma yenyewe. Matangazo yake yaliwaambia watu waache kupanga chumba, wainunue hoteli.

Wazo lenyewe silikatai. Watu 50 wanagawana nyumba ambayo kila mmoja peke yake hangeiweza: hiyo ni akili ya likelemba. Ila katika likelemba, zamu yako ikifika unakamata franka sawasawa na wengine. Juma la mwezi wa pili na juma la mwezi wa kumi na moja hayafanani hata kidogo.

Hapo njo shida inaanzia. Siye tuliosoma agro tunajua kama wakati haulingani. Kivu ya Kusini mkulima anahesabu msimu A, msimu B, na msimu C wa mabondeni kwenye maji. Ukimuuzia mtu haki ya kulima mlimani mwezi wa saba peke yake, umemuuzia jua na vumbi. Tupige hesabu ya jengo lenye apartema 100. Toa majuma 2 ya matengenezo, kila apartema inabaki na majuma 50, jumla majuma 5,000 ya kuuza. Likizo ya shule ya wakati wa baridi, ambayo Ufaransa inaigawanya kwa zone A, B na C (hata wao!), inachukua karibu majuma 4 kwa nchi nzima. Hayo ni 400 katika yale 5,000. Ongeza mwezi wa saba na wa nane, tuseme majuma 9, yaani 900. Bado kuna 3,700 ambayo mzazi mwenye watoto wa shule hana la kuyafanyia. Ni kweli, majuma mabaya yaliuzwa kwa bei ndogo. Lakini yaliuzwa.

Yaliuzwa namna gani? Kwa ahadi ya kubadilishana. Marekani, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, wajenzi wa Florida walibaki na apartema nyingi bila wanunuzi, na kuzikata kwa majuma kukawaokoa. Mwaka 1974, bwana na bibi DeHaan wa Indianapolis wakaanzisha RCI, biro ya kubadilishana: unaweka juma lako kwenye sanduku la wote, unaomba juma la mtu mwingine mahali pengine. Majuma yakapewa rangi: nyekundu kwa wakati unaotafutwa sana, nyeupe kwa wakati wa katikati, buluu kwa wakati ambao watu ni wachache. Muuzaji sasa angeweza kumwambia mteja asiogope juma lake la baridi na mvua, kwani dunia yote iko wazi mbele yake. Lakini soko la kubadilishana lina kanuni yake, na mama yeyote wa soko la Kadutu angewaeleza bila diplome: aliyeleta sombe harudi nyumbani na mbuzi. Wenye buluu wote wanaomba nyekundu, wenye nyekundu hawaombi buluu. Unaomba miezi mingi mbele, unajibiwa nafasi hakuna. Na kubadilishana kwenyewe kuna malipo yake, juu ya malipo ya uanachama.

Tena kuna malipo ya matunzo. Dari, asansere, bustani, mlinzi: yote yanagawanywa kwa wenye majuma, kila mwaka, umefika ao hukufika. Jengo linazeeka, malipo yanapanda. Mtu aliyechoka na hoteli anabadilisha hoteli. Huyu wa juma anaambiwa hawezi kwenda, kwani ni mwenyewe.

Kumbe hakuwa mwenyewe! Kwa upande wangu, hapa njo moyo wa hii historia. Kule Ufaransa, aliyenunua juma hakununua ukuta wala mlango. Alinunua hisa katika sosiete yenye jengo, na hisa zikampa haki ya kukaa. Sheria ya tarehe 6 mwezi wa kwanza 1986 ilisema jambo hilo wazi, hata ikakataza kutumia neno "propriétaire" kwa kumwita mwenye hisa, ndani ya karatasi na ndani ya matangazo. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita tangu Superdévoluy. Tusicheke sana. Kwetu pia, sheria ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta, na mwenye parsele ana konsesyo tu. Tofauti ni kwamba hiyo haki yetu tunaweza kuishi juu yake kila siku, na kuiuza bila kumbembeleza mtu aikamate.

Kwa maana ile sheria ya 1986 iliondoa neno, mlango wa kutokea haikuufungua. Baba yangu mdogo, aliyehamia Ufaransa miaka ya 1980, alinunua mwaka 1991 juma la mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mlimani. Theluji bado, watoto wako shuleni. Alilichagua kwa sababu ya bei, akitumainia kubadilishana apate bahari mwezi wa nane. Bahari aliipata mara moja. Miaka iliyobaki alilipa, na mara mbili ao tatu alipanda kule peke yake ili pesa isipotee bure. Alikuwa anatuambia kwa simu kwamba amelala siku saba akisikiliza mvua. Alijaribu kuuza. Majuma kama lile yanatangazwa mpaka kwa yuro 1, na hata kwa yuro 1 mnunuzi anauliza kwanza malipo ya matunzo ni ngapi, halafu anakata simu.

Nchi zingine zilipambana kwa namna zao. Uingereza ilitoa sheria mwaka 1992, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1994, na tangu maagizo ya mwaka 2008 mnunuzi wa Ulaya ana siku 14 za kubadili mawazo, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti ndani ya siku hizo. Hispania iliweka mwisho wa miaka 50 kwa kontra mpya, na mwaka 2015 korti yake kubwa ikaamua kwamba kontra zisizo na mwisho zilizotiwa sahihi baada ya sheria hiyo ni bure.

Ufaransa ilifungua mlango mwaka 2009: mwenye hisa anaweza kuomba kutoka kwa kikao cha wenzake, ao kwa jaji akiwa na sababu ya haki. Na leo mrithi ana haki ya kutoka, mradi haijapita miaka miwili tangu arithi. Akichelewa, anaanza kuomba kama wengine.

Baba mdogo alifariki mwaka 2019. Watoto wake waligawana vitabu, gari na madeni, na juma lile hakuna aliyelitaja mpaka karatasi ya malipo ilipofika kwa majina yao. Barua ya kutoka waliituma mwezi wa kumi na tisa baada ya mazishi.