Busha la Mwanahistoria Gibbon

Katika Kiswahili cha mwambao neno mshipa limebeba maradhi mawili: busha, yaani maji yanayojikusanya ndani ya utando uzungukao korodani, na ngiri, yaani utumbo unaoshuka kupitia kinena. Wanafunzi wanapotuuliza tofauti yake, sisi walimu aghalabu hujibu upesi na kupita, kwa haya. Kisa cha Edward Gibbon chatuonyesha kwamba hata matabibu wa London walitatizwa na jambo hilo.

Gibbon, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1737, ndiye mtungaji wa historia mashuhuri ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi, iliyochapishwa katika majuzuu sita baina ya 1776 na 1788. Mwaka 1761, akiwa afisa kijana wa wanamgambo, alimwendea mpasuaji Caesar Hawkins kwa ajili ya uvimbe. Hawkins hakuweza kukata shauri kama ni busha au ngiri, akamtaka arudi. Hakurudi. Kwa miaka 32 hakumtajia mtu yeyote, hata mtumishi wake wa chumbani, ingawa uvimbe ulikua hata nguo zisiweze kuuficha. Rafiki zake waliuona wakanyamaza kwa adabu. Adabu ya namna hiyo twaijua sote.

Novemba 1793 ndipo alipomfunulia siri rafikiye, Lord Sheffield. Mpasuaji Cline alimtoboa akatoa maji karibu lita nne. Baada ya siku kumi yalikuwa yamerudi, zikatolewa kama lita tatu. Januari 13, 1794, zikatolewa karibu sita. Tarehe 16 akafariki, naye ana miaka 56. Maiti ilipopasuliwa ilidhihirika kwamba Hawkins alikuwa na haki ya kusita: maradhi yote mawili yalikuwamo, maji pamoja na utumbo ulioshuka.

Siku hizi daktari huweka kurunzi nyuma ya uvimbe, gizani. Kwa mtu mzima maji hupitisha mwanga mwekundu. Utumbo kwa kawaida haupitishi. Ngiri nayo mara nyingi huvimba zaidi mtu akikohoa na kupungua akilala. Kutoboa peke yake hakuponyi busha, kwani maji hurudi na usaha waweza kuingia. Busha kubwa la mtu mzima huondolewa kwa upasuaji wa ule utando. Kwa mtoto mchanga mara nyingi maji hutoweka yenyewe, ila daktari amwangalie. Uvimbe wenye maumivu ya ghafula haungoji hata asubuhi: korodani iliyojisokota yaweza kufa kwa muda wa saa chache, na ngiri iliyonasa yaweza kuua.

Pwani wako wanaosema busha huletwa na madafu. Dafu halina kosa. Huko mara nyingi chanzo ni minyoo midogo ienezwayo na mbu, ile ile iletayo matende.

Limebaki neno moja la kuwasumbua walimu. Katika matangazo ya afya nchini Tanzania busha huitwa pia ngiri maji, na mwanafunzi asikiaye ngiri hudhani ni utumbo. Sisi darasani twapendelea busha, ijapokuwa wanafunzi hucheka.